Mama Aliyekataa Kutuhesabu

Mama yangu Mbeyu,

Nimevua viatu vya kazi na miguu imekataa kuingia kwenye kandambili. Imevimba. Ungeiona ungesema nimetembea kutoka kwetu hadi Mombasa, kumbe nilikuwa nazunguka vitanda vya wadi moja tangu asubuhi, nikiwageuza vikongwe wa Kizungu wanaoniita "nurse" hata ndotoni. Yona, mkwe wako, yuko zamu kiwandani Longbridge, anafunga milango ya magari ambayo sisi hatutayapanda. Watoto wamekula. Chai yangu imepoa, nikaipasha, imepoa tena. Nimeona bora nikuandikie, ingawa najua fika kwamba huko uliko hakuna posta. Si kitu. Hata ulipokuwa hai ilikuwa imekwisha kuondoka.

Hapa barua huletwa na mtu ambaye sijawahi kumsikia sauti. Huzitia katika tundu la mlango, zikaanguka sakafuni, naye huyo kaenda zake. Hamwiti mtu. Tulipohamia nyumba hii, karibu na barabara ya Alum Rock, nilikuwa nikisikia kile kibati cha mlangoni kikilia nakimbia, nadhani jina langu litaitwa. Jirani yangu, mama mmoja mwenyeji wa mji huu, aliniona siku moja nimesimama ukumbini na bili ya gesi mkononi, nimenuna. Akacheka. "It's only the post, bab," akaniambia, yaani ni posta tu, mpenzi. Only, mama! Angekuja kijijini kwetu Kwa Mwanyanje siku ya mfuko, asingelitumia neno hilo.

Unaikumbuka siku ya mfuko? Lori la maji likionekana kwa vumbi tu, mbali kule penye mikwaju, nawe tayari umeshajifunga leso yako ya kutokea. Watu walikuja na mapipa na madumu, lakini hakuna aliyeanza kuteka kabla dereva hajamkabidhi Bwana Jivan ule mfuko wa turubai wenye kufuli. Yeye ndiye aliyekuwa na duka pekee, na ukutani mwa duka palikuwa na msumari wa mfuko. Alinawa mikono kwanza. Kisha alivaa miwani, akasimama nyuma ya kaunta kama padri, akaanza kuita.

"Chizi! Iko barua!"

"Yupo!"

"Nyamawi!"

"Yupo!"

Hata kama Nyamawi mwenyewe yuko machungani na ng'ombe, yeyote wa nyumbani kwake alijibu yupo, akaipokea. Kusema hayupo kulikuwa mwiko. Ulinifunza ningali mdogo kwamba ukisema mtu hayupo, kisirani nacho kimesikia. Mzee Chizi alipofariki, barua ya mwanawe aliyekuwa jeshini ilifika kabla ya matanga kwisha. Bwana Jivan aliita jina, akakumbuka, akakwama. Mjane akajibu kutoka nyuma kabisa, kwa sauti ya wazi, "Yupo!" Akaja akaichukua. Watu wakampisha. Sisi watoto tulitaka kucheka, wewe ukatutazama kwa lile jicho lako, tukaacha.

Sisi watoto wako. Siandiki tulikuwa wangapi, usiwe na wasiwasi.

Najua sababu, mama. Kwetu watu hawahesabiwi, ng'ombe wenyewe hutazamwa rangi zao tu, lakini wewe ulikuwa na sababu ya ziada. Mara moja tu katika maisha yako uliwahi kuhesabu. Ulikuwa mke mchanga, ukaenda zahanati ya misheni, mtawa akakuuliza una watoto wangapi, nawe kwa haya ukaonyesha vidole. Mvua za mwaka huo hazikwisha kabla kidole kimoja hakijakunjwa. Mdogo wangu yule sikumjua vizuri. Nakumbuka kikohozi chake tu. Tangu hapo, kwako sisi tulikuwa kifungua mimba, na wanaofuata, na kitinda mimba. Ukipakua ugali ulitutazama nyuso, mkono wako ukajua. Hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kuwa hukutuhesabu.

Ndipo akaja yule karani. Mwaka ule mimi nilikuwa nyumbani nasubiri safari ya huku, nimeshapata nafasi ya kusomea uuguzi, sanduku liko chini ya kitanda. Kijana mpole, soksi ndefu, kapu la karatasi. Alitumwa kuangalia kama mahali petu pana watu wa kutosha kuendelea kuletewa mfuko. Alieleza vizuri kabisa, pale pale dukani: watu wakiwa wengi, mfuko unakuja, wakiwa wachache, barua zitabaki mjini, kila mtu ajifuatie yake. Kwenda mjini na kurudi ilikuwa ulale njiani. Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na mambo yakaharibika.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Wapo," ulimjibu.

"Najua wapo. Wangapi?"

"Mungu kanipa. Wapo."

"Basi tuseme hivi. Nyumba hii wanalala watu wangapi?"

"Wanaotosha nyumba."

Nilicheka, mama, nawe midomo yako ilikuchezacheza. Yeye hakucheka. Alifuta jasho, akasema kwa upole, "Mama, wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nisipoandika namba, huyo mtu kwangu hayupo."

"Basi andika wapo."

Akaandika alichokiona kwa macho: wewe, mimi, na kitinda mimba mgongoni mwako. Wengine walikuwa bwawani na mifugo. Nyumba ya pili akina mama walikuwa wamekwisha kupata habari, wakawasukuma watoto nyuma ya ghala ya mahindi. Nyumba ya tatu akapata bibi kizee na kuku. Alirudi dukani jua likiwa kali, na Bwana Jivan alipoona karatasi zake alishika kichwa.

"Nyinyi watu, tafadhali! Sema namba! Namba yoyote, hata ya uongo! Mfuko nakwenda!"

Nawe ukamwambia, bila hasira, "Bwana Jivan, wewe unahesabu magunia. Hesabu magunia."

Watu walicheka sana. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha namna ile mbele ya duka lile. Baada ya miezi michache lori lilikuja na maji peke yake.

Nilikukasirikia, mama. Acha niseme. Nilikuwa nakwenda mbali kuliko mtu yeyote wa kwetu alivyowahi kwenda, nawe kwa neno moja ulikuwa umeifunga njia yangu ya kukufikia. Nilikuuliza siku ile ile, nikiwa nakusaidia kupepeta kunde, "Sasa nitakuandikiaje?" Hukuinua kichwa. Ukasema, "Andika. Barua ni yako, njia ni ya Mungu." Nilidhani ni maneno tu ya kunipoza.

Nikaandika. Kila nilipopokea mshahara niliandika. Nilikueleza theluji, na mikate inayouzwa imekwisha kukatwa, na matron aliyekataa jina langu la Nyevu akanibandika Nancy, na Yona, na harusi ya kanisani yenye watu wasiojaza benchi mbili. Nilipojifungua nilikueleza kwamba mtoto ni somo yako, anaitwa Mbeyu. Hapakuja jibu. Mtu huchoka kuongea na ukuta, hata ukuta wa mama yake. Kuna majira niliandika kwa mazoea tu, mkono unakwenda, moyo umelala.

Kisha, siku moja, nimeingia duka la Alum Rock kutafuta kunde, nikasikia sauti nyuma ya magunia ya vitunguu: "Kunde iko, mama, kuja huku." Nikageuka. Alikuwa amepungua, amevaa sweta mbili na koti juu, lakini miwani ni ile ile. Naye akanitazama, akanitazama. "Toto ya Mbeyu!" Tulilia mbele ya wateja, mama, mimi na Bwana Jivan, ambao kwetu hatukuwahi hata kupeana mikono. Alifunga duka mwaka uliofuatia safari yangu. Mambo ya pasipoti. Alitakiwa achague uraia, wa kwetu au wa Kiingereza, akachagua, na mpaka leo hajui kama alichagua vizuri. Kule aliwaachia benchi na msumari. Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda kwake Jumamosi, sina haja ya kununua kitu, ili nisikie Kiswahili chake kilichopinda.

Jumamosi moja aliponiona naingia hakunichekea. Mpwa wake wa Mombasa alikuwa amemwandikia. Mwero, ndugu yetu huyu anayenifuata, alikuwa amekwenda mpaka dukani kwa mpwa huyo kupeleka habari, kwa kuwa anwani yangu hakuwa nayo. Bwana Jivan akasimama nyuma ya kaunta. Akavaa miwani. Sijui kama alikusudia au ni mazoea ya miaka mingi, lakini aliita kama alivyokuwa akiita.

"Mbeyu."

Nami, kabla sijajua nifanyacho, nikaitika kwa nguvu, "Yupo!"

Akavua miwani. "Toto," akasema, "hapana iko tena."

Ulikuwa umezikwa kabla ya masika. Mimi habari ilinifikia majani ya miti ya huku yakipukutika. Katikati ya hapo nilicheka, nilinunua kitambaa cha mapazia, niligombana na Yona juu ya makaa. Nilikuwa yatima nisiyejua. Na kilichonichoma hasa si kufa kwako, mama, nisamehe, wauguzi tunazoea kifo kwa namna fulani. Kilichonichoma ni kwamba pengine ulikufa ukidhani nimekunyamazia. Nililibeba hilo kila siku, kazini na nyumbani, jikoni na ndani ya basi.

Mwero ndiye aliyenitua. Aliandika mwenyewe baadaye, mwandiko wake ule unaopanda kilima. Alisema baada ya mazishi alikwenda mjini, akazikuta barua zangu zote zimefungwa pamoja kwa kamba, hakuna aliyekuwa amezifuata. Akaja nazo, akaketi kaburini, akakusomea moja baada ya nyingine mpaka jua likazama, na kitinda mimba akishika zilizokwisha kusomwa. Na akasema jambo ambalo nimelisoma hata karatasi imechakaa kwenye mkunjo. Alisema kila lori la maji lilipokuja ulijifunga leso yako ya kutokea, ukaenda ukakaa kwenye benchi ya duka lililofungwa. Watu wakipita, wengine kwa huruma, wengine kwa utani, wakikuuliza, "Mbeyu, yule wako wa Ulaya yupo?"

Ulijibu, "Yupo."

Basi. Huongezi neno.

Sasa nikwambie kituko, ndipo nikalale. Mwaka wa sabini na moja serikali ya huku ilihesabu watu wake wote. Alikuja mzee mmoja, koti limelowa, kalamu nyuma ya sikio, kuchukua karatasi yetu. Ilikuwa haijajazwa, nilikuwa nimeiweka juu ya kabati nikiikwepa kama nyoka. Akasema si neno, tujaze pamoja. Nilikuwa nimetoka zamu, macho yananiwasha. Akauliza watoto wangapi. Nikakukumbuka wewe na kidole kilichokunjwa. Nikakumbuka na msumari mtupu wa Bwana Jivan. Nikamtajia majina yao, moja moja, polepole. Namba aliitia yeye, kwa mkono wake. Naomba hilo ulikubali. Sikuweza kuwaacha wanangu wawe watu wasioletewa barua.

Alipomaliza akatusoma wote kwa sauti. Jina, kisha ananitazama juu ya miwani. Jina, ananitazama. Mimi nimeegemea ukuta, usingizi umenishika shingo. Mwishoni akauliza, "Anybody else, love?"

Nikasema, "Yupo."

Lilitoka lenyewe, mama. Naye hakushtuka hata kidogo. Akageuza kalamu, akainama juu ya karatasi, akaniuliza jina hilo linaandikwaje.

Ningeweza kumrekebisha. Somo yako alikuwa mlangoni ananisikiliza. Anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa lugha ya shule. "Mum, who's Yupo?" akauliza. Nikamwambia ni bibi yake. Kisha nikamgeukia yule mzee, nikamtajia herufi za Yupo, moja moja, naye akaziandika.

Chai imepoa tena. Lala salama, mama, na msalimie mdogo wangu yule wa kikohozi. Wakikuuliza habari zangu huko, jibu unalo.

Ni mimi,
kifungua mimba wako,
Birmingham.