Ajali Isiyopimwa

Jumatatu, 11 Machi
Leo tena nimeingilia mlango wa abiria. Wa dereva umebonyea, haufunguki tangu Jumamosi. Sketi imenasa kwenye gia. Wanafunzi wangu wa shule ya Rungwe Mpya wamesimama kunitazama nikitoka garini kinyumenyume. Wamejitahidi wasicheke.

Jioni kwa wakala wa bima, Kasulu mjini. Anataka ripoti ya trafiki. Sina. Pikapu iliyonigonga njia ya Kibondo ilikuwa imebeba jeneza, kina mama wanalia pembeni yake. Nani angewaweka juani na maiti wao wamngoje askari aje apime? Maiti hasimamishwi, si huku, si kwetu Tanga. Nilisogeza gari, wakapita. Dereva alinipigia kelele tu: anaitwa Gervas, wanakwenda kuzika Kasanda.

Jumanne, 12 Machi
Trafiki kasema magari yakishasogezwa hana cha kupima. Kaniambia mbele za watu kwamba nina elimu lakini sina akili ya barabarani. Nilitaka kulia kwa hasira.

Alhamisi, 14 Machi
Mkaguzi wa bima amekuja. Katazama mlango, kanitazama mimi. "Mwalimu, wengi wanagonga mti, halafu wanatuletea hadithi."

Hadithi! Bima kubwa nakata kila mwaka, sijawahi kuchelewa. Leo mimi mwongo. Mlango naweza kuuvumilia. Kuitwa mwongo siwezi. Gervas asipokiri mbele ya trafiki, hawalipi.

Jumamosi, 16 Machi
Basi hadi Kasanda. Njia nzima napanga maneno makali. Kufika, msiba bado. Marehemu ni mama yake Gervas. Sikujua. Wanawake wamenivuta mkekani, wamenipa ugali wa muhogo na maharage, wamenishukuru kwa kuja kuhani. Nimekula, sikuwaambia kilichonileta. Nimechukia hata ugali wenyewe.

Gervas kanisindikiza barabarani. Hapo ndipo nikamweleza. "Mwalimu, hatujaanua matanga, siwezi kutoka nyumbani. Tukimaliza nitakuja." Nitakuja. Kila fundi mjini husema hivyo. Nimerudi mikono mitupu.

Jumatano, 20 Machi
Hajaja. Namba aliyonipa haipatikani. Mvua imepenya kwenye ule mlango, kiti kinanuka. Ningekuwa yeye, ningekuja? Kunyamaza kunamfaa. Hakuna aliyepima, na ile pikapu ndiyo inayomlisha. Najua hivyo, na bado nimemlaani mchana kutwa.

Ijumaa, 22 Machi
Amekuja. Asubuhi trafiki wamenipigia simu, nimemkuta mlangoni pa kituo cha polisi, kichwa kimenyolewa kwa msiba. "Mwakeye, mwalimu," kanisalimia kwa Kiha, tukaingia. Kasema yote mwenyewe. Aliingia barabara kubwa bila kusimama, mimi sina kosa. Askari kaandika. Kachukua leseni yake, kachukua na ufunguo wa pikapu. Vitakaa hapo mpaka mahakama iamue.

Wakala kapiga simu, sauti tamu, eti gari litatengenezwa lote na mkaguzi anaomba radhi. Nimemkatia.

Nimepata nilichotaka. Nilidhani nitafurahi. Gervas kaambiwa asubiri karatasi za mahakama kwenye benchi la nje. Nimepiga simu shuleni, nimesema leo siji. Nimekaa pale bencheni naye mpaka alipoitwa ndani.