Kioo Nilichokichagua kwa Pupa

Changamwe, Mombasa
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaesha,

Nakuandikia kukuomba radhi na dua. Radhi, kwa kuwa katika barua iliyopita nilijisifu kwa jambo ambalo sasa limenigeukia. Dua, kwa kuwa Jumamosi hii itaamuliwa kama nitabaki na kazi yangu. Shikamoo mama. Natumai dada Mwanakombo anapokusomea haya u mzima, na macho yako yamepata nafuu tangu uache kushona kofia. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Macho ndiyo yenye habari.

Utakumbuka nilikueleza kuwa Bwana Jafari, mwenye karakana hii ya michoro ya leso, alinunua kompyuta, akanipa mimi, niliye bado katika miezi ya majaribio, heshima ya kuchagua kioo chake, yaani ile sehemu mfano wa televisheni ambayo mchoraji huitazama kutwa. Nilivyokichagua sikukueleza. Dukani vilikuwapo viwili. Kimoja kikubwa, rangi zake zikiwaka kama taa za harusi. Cha pili kidogo, uso wake umefifia, hauakisi hata taa iliyo juu yake. Muuzaji aliniuliza mara mbili nitakaa mbele yake saa ngapi kwa siku. Nilimjibu kwamba mambo haya nimeyasomea chuo kikuu, nikanyoosha kidole kwa kile kikubwa. Bwana Jafari alifurahi, nami nikafurahi kwa kuwa yeye amefurahi.

Wiki haikwisha kichwa kikaanza kuniuma. Kioo kile kinapepesa, mama. Ni kupepesa kudogo asikokuona mpita njia, lakini akaaye mbele yake tangu asubuhi hadi alasiri huuona mstari mmoja ukawa miwili. Nikawa naenda kunawa uso kila mara, na nikiulizwa nasema ni vumbi la malori ya barabara kuu.

Jana Bi Riziki, aliyechora leso kwa mkono hapa tangu ujana wake, aliushika mchoro wangu uliokuwa tayari kwenda kiwandani, akaweka kidole penye kona. Pindo halikukutana. Upande mmoja ulikuwa umepanda, na chini yake ipo saini yangu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "leso hii umemchorea nani, mwenye bega moja?"

Wenzangu walicheka. Bwana Jafari hakucheka. Aliniuliza tatizo ni mkono au ni macho. Lilikuwapo jawabu jepesi, la kumtupia lawama muuzaji, na lilinifika ulimini. Lakini nilikukumbuka wewe ulivyokuwa ukiijaribu taa mpya: unakaa mbele yake na kofia magotini, unashona huku ukisoma Yasin nzima kwa ghibu, na macho yakitoa maji kabla hujamaliza, taa hurudi dukani hata iwe nzuri vipi. Mimi niliyeyaona hayo tangu utotoni sikukipa kioo kile hata muda wa Fatiha.

"Kioo nilikichagua vibaya, Bwana," nikasema mbele ya wote. "Nilitaka kuonekana najua."

Aliitoa risiti ya kioo, akaisoma. Kisha akasema muuzaji anakubali kubadilisha, mwisho wake Jumamosi. "Utachagua tena, nami nitasimama hapo hapo. Ukikosea mara ya pili, majaribio yako yamekwisha."

Bi Riziki amenitanabahisha kuwa duka lile lina mapazia mazito, na gizani kila kiwakacho ni kizuri. Basi nitaomba vioo vyote viwili visogezwe penye mlango, mwanga uingie ubavuni, viwekwe mchoro mmoja wa mistari myembamba, nami nikae mbele ya kila kimoja muda wa Yasin. Bwana Jafari si mtu wa kungojeshwa; nilihofia ataona namchezea. Leo asubuhi nilimwambia hata hivyo, kwamba nitahitaji muda wa Yasin mbili, kama mama alivyokuwa akijaribu taa. Alinitazama sana.

"Mamako mshona kofia?"

Nikamjibu kuwa ndiye. Akarudi kwenye hesabu zake, na mimi sijui kama ni heri au ni shari.

Barua hii anaichukua Mjomba Athumani, anayepanda basi la Lamu kesho. Nisalimie baba mdogo, na maalim aliyetuhifadhisha Yasin kwa bakora na tende. Dada yangu Mwanakombo mwambie nimemkataza kushona kwa kibatari. Ngoja nirudi nimletee taa, nayo tutaijaribu kwanza.

Sikuombi uje, safari ni ndefu. Naomba ukae barazani na msahafu wako, hata kama herufi huzioni tena, uanze Yasin nitakapoanza mimi. Tukutane hapo, mama: Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.

Mwanao mtiifu,
Omari