Nilimlea Mtoto wa Uholanzi, Wangu Ananiita Dada

Shangazi Marsela, shikamoo. Pole na kazi ya kusoma shida za watu. Naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana wageni wanafika tarehe kumi na nane mwezi ujao na mimi tangu nisikie habari yao sikai mahali pamoja, nafagia uwanja niliokwisha kuufagia, nabeba ndoo kwenda bombani nikifika njiani nakumbuka pipa limejaa.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, naishi Karatu, magari ya watalii wanaokwenda Kreta ya Ngorongoro yanapita chini ya shamba letu. Shule niliachia kidato cha pili, nikiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu ya mimba, baba wa mtoto alikuwa fundi rangi kwenye hoteli moja, rangi ilipokauka na yeye akaondoka. Mama yangu hakunifukuza na ninamshukuru, kwa sababu zamani kwetu Wairaqw binti wa namna hiyo alikuwa anatolewa nje ya kijiji, ila alisema, "Huyu mtoto ni wangu, wewe bado msichana," basi mwanangu Hyasinta alipoanza kuongea akamwita mama yangu Ayo, ndiyo mama kwa lugha yetu, na mimi akaniita dada, nikaitika, Shangazi, nimeitika miaka yote.

Halafu mwaka juzi nikapata nafasi ya kwenda Uholanzi kwa kazi wanayoiita opea, yaani unakaa na familia, unawalelea mtoto, wanakupa chumba na posho na kukupeleka darasa la lugha. Fomu iliuliza kama nina mtoto. Mtu wa wakala akaniambia, "Binti, ukiandika ndiyo, safari isahau," nikaandika hapana, na nilijiona sijadanganya sana, maana hata nyumbani si nilikuwa dada tu.

Kule nilikaa mwaka mmoja, nilifikia kwa mama anaitwa Anneke na mume wake na mtoto wao Bram wa miaka mitano. Nilimwita yule mama Mama Bram kama tunavyoita huku, akacheka akasema mimi nina jina langu. Nilifika naogopa hata kufungua friji, nafua mpaka mashati ya baba bila kuambiwa, nafanya kazi Jumapili, mpaka Anneke akanikalisha akasema leo si siku yako ya kazi na ukichoka useme. Ilinichukua miezi mitatu kutamka "nimechoka", nikalitamka, na hakuna aliyenuna. Nilijifunza baiskeli nikiwa mtu mzima, nilianguka mbele ya watu kituo cha treni nikanyanyuka nikaendelea, nilijifunza kumwangalia mtu usoni ninapomjibu. Sasa nimerudi, nikimwambia mama yangu nimechoka anasema, "Ulaya walikupeleka kukufundisha kuchoka?"

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni siku moja baba Bram alimgombeza mtoto kwamba amevunja chupa ya maua, kumbe ni paka. Yule baba, mtu mrefu mwenye ndevu, alipiga goti sakafuni akamwambia mtoto, "Nisamehe, nilikosea." Shangazi, sijawahi kuona. Niliingia bafuni nikalia, na nilipotoka Bram akaniuliza, "Na wewe una mtoto?" Nikasema sina. Akasema, "Basi una mimi."

Nimerudi sasa ni miezi minane. Nasaidia chekechea ya kigango cha kanisa letu na watoto wananipenda, najua kuwasikiliza kuliko zamani, hata paroko amesema nina kipaji. Anneke naye aliniahidi watanisomesha chuo cha ualimu wa chekechea, na hiyo ndoto ninayo hasa, naiona. Sasa ameandika kwamba wanakuja kuona wanyama na wanataka kufika nyumbani kwetu kusalimia, walale siku mbili Karatu, Bram anahesabu siku.

Mama yangu aliposikia akasema Hyasinta apelekwe Baray kwa shangazi yake, kule kwenye vitunguu, mpaka wageni waondoke. Nikamwambia, Mama, ana shule. Akasema, "Siku tatu hazimfanyi mtu mjinga. Amefanana nawe kope kwa kope na mdomo wake hauna mlango. Unataka chuo au hutaki?" Kaka yangu Lazaro, dereva wa watalii, yeye anaona tunahangaika bure. "Semeni ni mdogo wetu, basi. Mzungu atajuaje? Kwake sisi wote tunafanana!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikatoka nje nikasimama kwenye mahindi sijui nimefuata nini.

Sasa Jumatatu Hyasinta, aliye darasa la kwanza, amerudi kutoka shule, hata begi hajatua, akaniuliza, "Dada, Soila wa darasani kwetu anasema wewe ndiye uliyenizaa. Ni kweli?" Nikasema, "Muulize Ayo." Akatua begi. Halafu akasema, "Haya. Na kwa yule mtoto wako wa Ulaya utarudi lini?"

Shangazi, nikisema ukweli naogopa chuo kitapotea na nitamvunjia mama yangu heshima, yeye ndiye aliyelea. Nikinyamaza mwanangu anapanda gari la Baray kwa sababu yangu. Nina matumaini ipo njia, ila siioni, na siku zinakwenda. Nisaidie.

Ni mimi, dada wa mtoto wangu, Karatu.

*

Marahaba, Mama Hyasinta. Ndiyo, nimekuita hivyo kusudi, anza kulizoea.

Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo tarehe, basi nianze na kukugombeza tulimalize. Uongo wa kwenye fomu uliambiwa uuandike, ukauandika, una kosa lako na la aliyekushika mkono. Lakini "muulize Ayo" ni lako peke yako. Mtoto wa darasa la kwanza amekuletea swali ambalo watu wazima watatu mnalikimbia, amesimama nalo mlangoni na begi mgongoni, wewe ukamtuma kwa mtu mwingine. Na unataka kuwa mwalimu wa chekechea! Mtoto akiuliza hivyo ameshajua, mwanangu. Alitaka kusikia kwa mdomo wako.

Unaniandikia kwa uchungu habari ya yule baba aliyepiga goti. Hakuwa anakuonyesha sinema. Ulivuka bahari ukajifunza kusema umechoka, ukajifunza kuanguka mbele ya watu ukanyanyuka. Sasa umerudi na ujuzi huo umeufungia sandukuni pamoja na makoti ya baridi. Huku ndiko unakohitajika.

Pole nakupa pia, ya kweli. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na mama yako alikufunika kwa kitambaa alichokuwa nacho. Kwa hiyo utaanza na yeye. Keti naye mchana, mkichambua maharage, Lazaro akiwa kazini maana utani wake hautakufaa. Mshukuru kwanza, tena kwa kirefu. Halafu mwambie Hyasinta haendi Baray. Atapandisha sauti, mwache apandishe. Usipigane naye juu ya chuo, maana anachoogopa si chuo. Anaogopa kunyang'anywa mtoto aliyemlea mgongoni. Mwambie Ayo ni jina lake na litabaki lake.

Siku hiyohiyo, mtoto akirudi, mwambie mbele ya bibi yake. Maneno machache: mimi ndiye niliyekuzaa, uliponiuliza niliogopa, nisamehe. Usilie sana ukamfanya akubembeleze. Usimlazimishe kukuita mama. Anaweza kukimbilia nje kucheza kama vile hakusikia, anaweza kukuuliza kwa nini ulikwenda kulea mtoto wa watu. Mjibu ukweli unaolingana na umri wake, na kesho akiuliza tena mjibu tena. Na Bram si mtoto wako, hilo nalo mwambie waziwazi, kwa sababu ndilo linalomuuma.

Ukishamaliza hayo ndipo umwandikie Anneke, kabla hawajapanda ndege. Usingoje wafike wamkute mtoto uwanjani. Andika mwenyewe, Kiholanzi chako hichohicho cha kubabaisha kinatosha. Mwambie una binti, jina lake, umri wake, na kwamba ulimficha ukaogopa. Chuo usikitaje katika barua hiyo hata kwa neno moja, isije ikaonekana unaungama huku umenyoosha mkono. Anaweza kukasirika, na ana haki: alikaa mwaka mzima akilelewa mtoto na mama aliyemwacha wake, bila kujua. Huenda naye atalia kwa hilo. Huenda chuo kikafa. Kikifa utaendelea kigangoni, utamwomba paroko akuelekeze mlango mwingine, na utachukua muda mrefu zaidi. Sikufichi hilo. Ila usiniambie kwamba utasimama mbele ya watoto wa watu ukiwafundisha kusema kweli, wa kwako akiwa amefichwa kwenye vitunguu.

Na wageni wakifika, mtoto avae sare yake ya shule au gauni lake la Jumapili, achague mwenyewe.

Mama yako akisema umeivua nguo nyumba yake, mwambie ni mimi niliyekutuma. Namba yangu iko chini ya ukurasa huu. Anipigie anitukane, nimezoea, nitamsikiliza mpaka amalize. Muda huo wewe uwe na Hyasinta.