Mti Usio na Uzio

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kwanini,

Pokea salamu zangu kwanza, maneno yatafuata. U mzima? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unashindia chai? Huku tunamshukuru Mungu, ingawa si wote tulio wazima, na hilo nitalifikia.

Leo kanisani wamesoma habari za uumbaji, nikakukumbuka hadi nikashindwa kuimba. Nilikuona tena kwenye darasa la watoto, kaptula imekuvuka magoti, unamhoji baba yetu, aliyewafundisha Jumapili, mbele ya wenzako: "Mwalimu, kama Mungu hakutaka wayale matunda, kwa nini mti hakuuzungushia uzio?" Baba, seremala aliyejenga nyua za nusu ya mtaa, akakuna kichwa. "Angeweka uzio angepata wafungwa," akasema. "Yeye alitaka watu." Jina la Kwanini ulilipata siku hiyo.

Karakana nayo naikumbuka sana. Baba hakutuchorea mstari kwenye ubao hata mara moja. Alitupa vipande vilivyobaki, akaketi kusubiri, kama Mungu alivyomletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Wewe ukatengeneza kigoda cha miguu isiyolingana, ukakiita Ngamia. Baba akakiweka mlangoni, na kila mteja akaambiwa, "Karibu, kalia Ngamia." Mpaka yule mama muuza mkaa alipobingirika nacho! Tulicheka mbavu zikauma. Natamani siku moja tu ya siku zile, na harufu yake ya gundi na vumbi la mbao.

Ulipokataa kurithi randa yake ukaenda kusomea injini, watu walisema umemtupa mzee. Yeye alisema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, lakini hatukuandikiwa wote bustani moja. Hilo hukulisikia. Ulikuwa umeshapanda gari.

Sasa neno lenyewe. Baba anaumwa, ndugu yangu. Moyo umechoka, na daktari hakutuficha: tusitarajie miezi mingi. Shangazi alitaka tukuite kwa hila, tukuandikie kwamba mimi naolewa. Nikamwambia kwa umri wangu huu utaugundua uongo kabla hujamaliza mstari. Mjomba akataka itolewe amri ya ukoo. Baba alikuwa anatusikia chumbani, akagonga ukuta kwa fimbo: "Mwambieni ukweli, kisha mwacheni. Nilimlea ajiamulie. Nisimnyang'anye uamuzi leo kwa sababu naogopa kufa."

Basi nami sikuiti. Ukija, njoo kwa moyo wako, na usipokuja hakuna atakayekuhukumu katika nyumba hii. Najikaza kuandika hivyo, maana mimi ningekufunga kamba nikuvute.

Shangazi na mjomba wanakusalimu. Nisalimie wifi yangu, umbusu na mtoto. Mungu awe mbele yako, njia yoyote utakayoishika.

Jambo moja la mwisho. Kila jioni jua linapopunga, Baba huketi barazani akaniuliza, "Yuko wapi?" Jana nilichoka, nikamjibu, "Baba, si unajua aliko?"

"Najua," akasema. "Hata Mungu alijua Adamu amejificha wapi. Aliuliza ili mtu aitike."

Akupendaye siku zote,
Dada yako.