Bei Gawanya kwa Faida

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na lile goti limekuacha upumue. Mimi sijambo, ila harufu ya damu imenizoea, nikioga naona ni sabuni ndiyo inayochafuka.

Unisamehe kuandika badala ya kupiga. Simu yangu iliita nikiwa kazini, na msimamizi wetu, tunamwita Nyundo, akaichomoa mfukoni mwangu, akaiweka sakafuni na kuiponda kwa kisigino huku akiniangalia usoni. Jamaa mmoja alicheka. Nyundo alimpiga kwa mgongo wa mkono, jamaa akatema jino kwenye mfereji wa damu na kuendelea na kazi. Hapa machinjioni ndivyo tunavyoelewana.

Bado niko kwenye msumeno wa kupasua. Ng'ombe ananifikia akining'inia kwa mguu, ameshachunwa, nyama yake ingali inatetemeka, nami nampasua kutoka mkiani hadi shingoni. Jioni mikono inaendelea kutetemeka peke yake hata nikiwa nimeshika kijiko.

Sasa sikiliza, maana safari hii nina habari njema. Kampuni inatuuzia hisa sisi wafanyakazi. Tukinunua sasa, mwisho wa Mei tutaruhusiwa kuziuza kwenye soko la hisa kwa mtu yeyote. Mwanzoni nilidhani ni utapeli kama kawaida. Lakini tunaye mwenzetu, yuko kwenye meza ya kutoa mifupa, tunamwita Mwalimu. Hajawahi kufundisha shule, alikuwa karani wa ghala, ila hawezi kukuona unafunga kamba ya kiatu asikueleze historia ya kamba. Yeye ndiye aliyetupigia hesabu.

Anasema usitazame bei peke yake, bei haisemi kitu. Chukua bei ya hisa moja, igawe kwa faida ambayo hisa moja imeingiza kwa mwaka. Jibu ni miaka ambayo hisa itachukua kurudisha bei yake, kama faida haibadiliki. Hisa yetu moja inauzwa shilingi ishirini. Faida ya mwaka jana, kwa maelezo yaliyobandikwa bwaloni, ni tano kwa kila hisa. Ishirini gawanya kwa tano ni nne. Kampuni nyingine za nyama zinazoandikwa gazetini ziko kwenye kumi na mbili. Yaani tunauziwa ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi.

Debe, ninayelala naye chumba kimoja, na jina lake linatosha kukueleza mdomo wake, ameshatia mshahara wake wote. Anasema, "Mimi mwezi wa sita nitamnunua Nyundo nimfunge uani abweke."

Kwa hiyo naomba unitumie akiba yangu yote. Najua ni ya bucha. Lakini ikizaa, bucha itakuwa na vigae na friji mbili, nami nitarudi nyumbani mwaka huu badala ya kusubiri msumeno unigawe na mimi.

Mtoto wa kaka yako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, goti nalo lipo, tunavumiliana. Cherehani imekatika mkanda, nimeufunga kwa kipande cha suruali ya mteja aliyekataa kulipa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Wanakupondea simu, wanang'oana meno, halafu hao hao ndio wa kukuuzia kitu rahisi? Mwenye roho ya kumpiga mtu kwa kucheka atakupa ng'ombe kwa bei ya mbuzi kwa mapenzi gani?

Hesabu ya rafiki yako siipingi, naijua. Unakumbuka kikundi chetu cha akina mama kilivyonunua mashine ya kusaga? Muuzaji alituonyesha mapato ya mwezi, tukagawa bei kwa mapato, tukaona ndani ya miaka miwili imejilipa. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwezi ule mashine ilisaga hivyo. Kumbe mashine ya mtaa wa pili ilikuwa imeharibika, watu wote walikuwa wakija kwake. Ile ilipotengenezwa, sisi tukabaki tunasaga vumbi. Hesabu ilikuwa sahihi, mwanangu. Mwezi ndio uliokuwa wa uongo. Mpaka leo mashine haijarudisha bei yake.

Basi nijibu kwanza. Hiyo tano ya mwaka jana ilitokana na nini? Ni ya kuchinja, au kuna kitu kilichotokea mara moja ambacho hakitatokea tena?

Pesa yako ipo, sijaila. Lakini sitaituma mpaka unijibu.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi nina kidole kimoja kimevimba, kitapona.

Barua yako ilinikera, siwezi kukuficha. Nilisema moyoni, ni jasho langu, kwa nini niulizwe maswali kama mtoto aliyetumwa chumvi? Nikakatwa sehemu ya mshahara nikanunua hisa chache, ili Debe aache kuniita mke wa shangazi.

Lakini swali lako lilikuwa kama mfupa kooni. Siku moja tuko kwenye kunoa visu, nikamuuliza Mwalimu: faida ile ilitokana na nini? Akafungua mdomo anieleze, kama kawaida yake. Badala yake akanyoosha kisu kuelekea uwanja mtupu ulio nyuma ya machinjio.

Shangazi, sisi wenyewe ndio tulioing'oa. Mwaka jana palikuwa na kiwanda cha ngozi nyuma ya machinjio. Kikauzwa. Nyundo akatuchagua sisi wenye mabega, tukang'oa mapipa ya chuma ya kulowekea ngozi, tukayabeba hadi kwenye malori. Pipa moja lilikatika mnyororo likamlalia kijana wa watu mguuni, mfupa ukatoka nje kama mpini. Tulimtoa, tukarudi kubeba. Tulilipwa ziada, tukafurahi. Na hakuna hata mmoja wetu, hata Mwalimu, aliyekaa akawaza kwamba pesa za kiwanda kile ndizo zilizoingia kwenye faida. Tulidhani faida ni nyama.

Mwalimu alikwenda kusoma karatasi ya bwaloni neno kwa neno. Imeandikwa pale, kwa herufi ndogo, haikufichwa. Ukiitoa pesa ya kiwanda cha ngozi, kila hisa iliingiza moja tu. Ishirini gawanya kwa moja. Si nne, Shangazi. Ni ishirini. Tumeuziwa mbuzi kwa bei ya ng'ombe, na mbuzi mwenyewe anakohoa.

Nilimwambia Debe chumbani. Aliinuka akafunga mlango. Kisha akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Mwalimu."

"Basi nyamazeni mpaka mwisho wa Mei. Tukishauza, huko nje atakayenunua ndiye ajue."

"Na wenzetu ambao hawajanunua? Nyundo bado anaandikisha majina ya wanunuzi."

"Waandikishwe. Wakinunua wengi bei inapanda. Wewe ni ndugu yangu au ni ndugu yao?"

Usitume pesa.

Mtoto wa kaka yako


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima.

Umenitua mzigo. Hizo chache ulizonunua zihesabu zimekwenda na maji. Lakini sikupenda maneno ya huyo Debe. Mtu aliyenunua kwa bei mbaya ni kama aliyekalia msumari, anachotaka ni mwenzake akalie ili yeye ainuke.

Huyo Mwalimu mwambie ahadhari. Ulimi wake hauna mlango. Nawe, akisema, usikae karibu naye. Nimekulea mimi, sikukulea uje uzikwe na watu wa visu.

Nijibu upesi.

Shangazi yako


11 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu. Nimeuliza posta, wanasema hakuna kitu. U mzima? Andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, na kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kifundo, unaunga. Barua zako zote mbili zimenifikia, ile ya kwanza ikiwa imechelewa. Ulisema nisikae karibu naye. Nilikaa.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, wakati wa chakula cha mchana. Nyundo aliingia bwaloni na orodha ya majina, akawa anapita meza za wale wageni walioajiriwa juzi, watu ambao hata kushika kisu hawajajua. Mwalimu akasimama. Alikuwa bado na vipande vya nyama kwenye aproni. Akasema kwa sauti ile yake ya kueleza, "Jamani, niliwapa hesabu mbovu, nairekebisha." Akaeleza kiwanda cha ngozi. Akaeleza moja, akaeleza ishirini. Akawaambia wale wageni, "Msinunue."

Nilidhani Nyundo ndiye atakayempiga. Nyundo hakusogea. Aliegemea mlango, akachomoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya.

Aliyeanza ni mtu wa meza yetu. "Unatushushia bei," alisema. Mwingine akasema, "Mwezi mmoja tu umebaki, mbwa wewe." Mwalimu akainua mikono, akaanza kuwaeleza kwamba si yeye anayeshusha, kwamba karatasi ipo ukutani na kila mtu anaweza kusoma. Debe akamrushia kikombe cha bati kikampasua nyusi. Basi ikawa kama lango la zizi limefunguliwa.

Shangazi, watu wa visu huvaa glavu zilizofumwa kwa nyuzi za chuma, ili wasijikate. Hawakuzivua. Walimpiga nazo. Kila ngumi iliondoka na kipande. Alipoanguka walimkanyaga vidole, kimoja kimoja, kwa buti za mpira zenye chuma mbele, na mtu mmoja alikuwa akisema, "Hesabu sasa. Hesabu."

Nitakuambia ukweli kama ulivyo. Nami nilikuwa na hisa zangu chache. Mwanzoni nilisimama tu, na moyoni nilitaka anyamaze, hata kama ni kwa namna ile. Kisha nikaona Debe amemkalia kifuani, analia machozi huku anampiga. Kiunoni nilikuwa na chuma cha kunolea. Nilimpiga nacho Debe mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika kama mtu anatafuna mchanga. Nikampiga tena, wala sikuwa na haja ya kumpiga tena. Wengine wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono akaulaza kwenye ukingo wa benchi, mwingine akaurukia.

Nyundo alipomaliza chungwa lake alipiga filimbi. Tukarudi kwenye mstari, wale walioweza. Ofisini imeandikwa ajali ya kazini, sakafu ilikuwa na mafuta.

Mwisho wa Mei soko likafunguliwa. Watu wote wakakimbilia kuuza. Bei ikaanguka kutoka ishirini hadi sita, siku ileile. Wanunuzi wa nje walikuwa wamesoma karatasi ileile ya bwaloni. Hakuna aliyewaambia, na hakuna wa kuwapiga. Debe ameuza kwa sita. Bado tunalala chumba kimoja, yeye na ufizi wake, mimi na bandeji yangu. Hatusemeshani. Juzi nilimkuta hospitali, amesimama mlangoni pa wodi ya Mwalimu na ndizi mkononi, hawezi kuingia wala kuondoka. Nilizichukua zile ndizi nikazipeleka.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Mwalimu jicho moja limekwenda. Vidole vimeshikana kama mizizi. Daktari anasema vinaweza kupasuliwa na kunyooshwa, na amenitajia bei. Ni akiba yangu yote, labda kitabaki cha nauli. Nilimuuliza daktari, akishapona atashika kisu tena? Hapana. Kalamu? Hadhani. Kijiko, akasema, kijiko atashika, na vifungo vya shati. Mwalimu hana mtu. Kampuni imeshamfuta kazi.

Nilimweleza Mwalimu ninachotaka kufanya. Amefungwa taya kwa waya, anaongea meno yamebana. Akaniuliza, bei ni ngapi? Nikamwambia. Akasema, "Na faida?" Nikamwambia hakuna. Akasema kampuni isiyo na faida hesabu yake haifanyiki, huwezi kugawa kwa sifuri, unaacha pale pawe wazi. Kisha akageukia ukutani.

Bucha itangoja, au haitangoja. Tuma, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti langu usiliulizie, lina haya kuumwa mbele ya habari kama hizo.

Nilikaa na barua yako siku nzima cherehani imenyamaza. Nilikukasirikia, nikamkasirikia Mwalimu, nikawakasirikia hata wale akina mama wa mashine, hawana kosa lolote. Ulimpiga yule mtu mara ya pili bila haja. Hilo utalibeba, sitakusaidia kulibeba.

Nimetuma zote. Nauli ni ya watu wawili, nimeongeza mimi, usibishane. Chumba cha nyuma nimekitoa vitambaa. Mwambie huku kuna kibarua cha kukaa kwenye mashine ya kusaga na kuwaeleza watu foleni inakwendaje. Havihitajiki vidole, unahitajika mdomo.

Nilikuambia mashine ile haijarudisha bei yake. Haijarudisha, wala haitarudisha. Lakini asubuhi hii nimepita pale, mwanangu, inasaga.

Shangazi yenu