Kwa Edina, Niliyemfukuza kwa Koti la Mtumba

Edina mwanangu,

Kamwene. Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana nimemwomba mchungaji aibandike ubaoni pale usharikani Njombe, na nakala nyingine nimempa Mzee Salum aitundike kwenye kibanda chake sokoni Makambako. Akiisoma mtu anayekufahamu, akufikishie. Nilikufukuza mbele za watu, basi na haya wayasome watu. Mimi nimechoka, mwanangu. Nimechoka na baridi ya huku, nimechoka na macho yasiyoona tena tundu la sindano, na kuliko yote nimechoka kusifiwa.

Nakumbuka siku uliyoletwa. Bibi yako alitoka nawe Mdandu, mkapanda lori la viazi, mkafika kwenye kituo chetu cha ushonaji Makambako mmejaa vumbi hadi kwenye kope. Bibi hakukaa hata kwenye kiti nilichompa. Aliniambia, "Mwalimu, huyu hana baba hana mama, ana mikono tu. Mfundishe kazi." Nyote mlikuwa hivyo hivyo. Wengine walikosa sekondari, wengine walirudi kutoka kazi za ndani mijini na mfuko mmoja wa nguo. Wafadhili walileta vyerehani, usharika ukatoa jengo, mimi nikatoa ukali.

Ukali wangu sina haja ya kukukumbusha. Cherehani cha kituo hakishoni ila kitambaa kipya, hiyo ilikuwa amri. Mtihani wa mwisho ni suti ya kiume yenye bitana, na asiyeiweza haondoki na cheti wala na cherehani chake. Mimi nilifundishwa hivyo, zamani zile kitambaa kilipatikana kwa kupanga foleni tangu alfajiri na fundi akiharibu kipande alisemwa mwaka mzima. Nilidhani heshima ya fundi iko pale. Nani pale Makambako angekuja kushonesha suti, hilo sikujiuliza hata siku moja.

Kisha biashara ya nje ikafunguliwa na mitumba ikaingia. Malori yaliyokuwa yakipita tu kwenda Songea yakaanza kusimama na kushusha mabalo ya nguo hizo, na Mzee Salum, aliyekuja kwetu kutoka Tabora akiuza chumvi, akaacha chumvi. Watu wakaziita zile nguo kafa Ulaya, kwamba wenyewe wamekufa huko ndipo zikaletwa kwetu. Mimi niliamini kabisa. Niliwaambia darasani kwamba fundi anayejiheshimu hagusi nguo ya maiti, na nyote mkaitikia, hata wewe.

Siku ile nilikuwa nimekwenda stesheni kupokea katoni la uzi. Niliporudi mchana nilikuta sufuria la ugali halijaguswa na wenzako wote wamekizunguka cherehani chako. Ulikuwa umelikata koti la mwanamume, zito, la kijivu, pana kama blanketi, ukatoa makoti mawili ya watoto. Moja lilikuwa tayari, la pili ulikuwa unamalizia kola. Uliniona ukasimama, ukanionyesha kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. "Mwalimu, moja limetoa mawili."

Nikakuuliza kama umekuja kujifunza ufundi au kuvua marehemu. Wenzako wakacheka kwa woga. Wewe hukucheka, ulisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watoto wa kwetu wana baridi." Hilo tu. Nami nikakunyang'anya lile koti lililokuwa tayari, nikakwambia ukunje vitu vyako uondoke, na ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Nikuambie leo kilichokuwa nyuma yake. Maiti nilizisingizia tu. Jumatano iliyofuata wafadhili walikuwa wanakuja kututembelea. Niliona aibu, Edina. Niliwaza, watu hawa wametoka kwao na vyerehani, wafike hapa watukute tunashona makoti waliyoyatupa wenyewe? Basi nikakutoa wewe ili chumba kiwe safi. Wageni wakaja, wasichana wakaimba, suti tatu zikatundikwa ukutani, picha zikapigwa. Hakuna aliyeuliza kama suti zile zina mwenyewe.

Baada ya hapo kituo kilianza kunyauka. Kazi za kushonesha zikakatika. Wafadhili wakaandika wakitaka kujua waliohitimu wanafanya kazi wapi, nikafunga safari kuwatafuta. Wa kwanza nilimkuta Njombe mjini anauza maandazi, cherehani chake kimefunikwa kitambaa cha maua na juu yake pana redio. Wa pili alikuwa ameuza cha kwake. Wa tatu alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia bila hasira, "Mwalimu, ulitufundisha kushona. Hukutufundisha kula." Nilirudi siku hiyo bila kwenda kwa wa nne.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Wanawake sita wamepanga vyerehani pembeni mwa mabalo, wanapunguza, wanakata, wanageuza, na wateja wamesimama wanangoja. Mzee Salum aliniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa Edina. Nikasema ndimi. Akasema, "Binti yako alishona hapa, alikuwa anajua koti linakatwa wapi. Tangu ameondoka hawa wote wanabahatisha." Alisema ulipanda basi la kusini na tangu hapo hajasikia lolote.

Lile koti moja nililokunyang'anya lilikuwa bado kabatini. Nikalitoa, nikakaa nalo, nikalifumua mshono mmoja mmoja. Ndivyo nilivyojifunza, mimi mwenye nywele nyeupe. Niliona ulivyokata kwa kufuata mishono ya zamani ili kitambaa kisipotee. Niliona ulivyotumia bitana ya mfuko kutengeneza kola. Kwenye mikono na kwenye pindo ulikuwa umekunjia ndani kitambaa cha upana wa vidole vinne, ili mtoto akikua mama yake aachie, koti lirefuke. Mtoto wa nani, wala hukumjua. Nililia pale, sikufichi.

Nikaanza kuwafundisha wasichana ufundi huo wako, na ikawa somo la kwanza kabisa, kabla ya suti, kisha suti nikaifuta. Kituo kikaamka. Wasichana wetu wako Makambako, wako Njombe, mmoja anashonea wauguzi na wagonjwa kule hospitali ya Ikonda, na wote wanakula. Wafadhili wakaandika kwamba mwalimu amebuni njia mpya. Mchungaji akalisema kanisani. Watu wakinishika mkono nilikuwa nasema, "Ni neema tu." Neema! Nilikuwa mwizi, na mwizi anayeshukuriwa hachoki upesi, ila akichoka anachoka hasa.

Jumapili iliyopita waliniaga. Nimestaafu. Wamenipa kitenge na mwavuli, wakaniomba niseme neno. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kawaida, ya kushukuru uongozi. Nikasimama, nikawaona wasichana kumi na mmoja wa mwaka huu wamekaa mbele, na kinywa kikakataa. Nikaeleza yote, tangu koti la kijivu hadi kabatini. Nikawaambia, "Aliyenifundisha hii kazi nilimfukuza." Kisha mama mmoja wa nyuma, wala simjui, akauliza, "Sasa huyo Edina yuko wapi?"

Nilikaa chini na mwavuli wangu.

Kwa hiyo ninakuandikia. Sikuombi unisamehe, huo ni mzigo wako, uubebe au uutue unavyotaka. Jambo ninalotaka ni hili: darasa halina mwalimu. Nimekaa na mchungaji na wazee wa usharika, nikawaambia sipendekezi mtu mwingine ila wewe, wakakubali kusubiri hadi mvua za kwanza. Hutaulizwa cheti. Anayepaswa kukuhoji ni mimi, na mimi sina swali.

Huenda una kazi yako nzuri huko uliko, una watoto, hunihitaji mimi wala Makambako. Ikiwa hivyo nitafurahi, na wazee watatafuta mwingine. Hutaki, usije. Ila usije ukasema hukuitwa.

Nakutakia afya, wewe na wote unaowavisha.

Ni mimi,
mwanafunzi wako mzee