Karanga za Meneja

Tarehe 3 Machi

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko kambini, na wajenzi wa barabara wanamaliza masufuria yako. Mimi mzima. Asiye mzima ni Meneja, kasuku wako.

Tangu uondoke hasemi neno. Anapiga kelele tu, kuanzia alfajiri. Kila akianza nakimbia na karanga ili anyamaze, naye ananyamaza, anakula, kisha anaanza upya. Mlinzi wa chumba cha pili jana aligonga ukuta: "Binti! Usiku mimi nalinda ghala, mchana huyo ndege ananilinda nisilale!" Nilijifunika shuka.

Mwenye nyumba naye amesikia. Mwisho wa mwezi anakagua vyumba, na akikuta hali ni hii, Meneja aondoke.

Nilikuahidi nitamtunza. Nifanyeje?

Mwanao,
Kimya

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Sijambo, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nimecheka, kisha nikajilaumu kwa kutokukuambia. Meneja haumwi. Umemfundisha wewe. Akipiga kelele anapata karanga na anakuona. Akitulia hapati kitu. Ungekuwa wewe ungetulia?

Sasa geuza. Akipiga kelele, mpe kisogo, toka nje. Akitulia, au akitoa sauti nzuri yoyote, ingia upesi na karanga moja. Siku za mwanzo atazidisha. Ukilegea mara moja, mmeanza upya. Na ukiona mboni zinamcheza na manyoya ya shingo yamesimama, usitie mkono.

La pili najua litakuwa gumu: ongea naye. Kasuku ni ndege wa kundi, na kundi lake sasa ni wewe. Mimi nilimwambia kila kitu: nafagia, nabandika chai, kiberiti nimekiweka wapi. Wewe, nakujua, unamlisha kama mtu aliyeingia msibani.

Shangazi yako

Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Vipi magoti?

Siku tatu za kwanza alipiga kelele mpaka nikalia kwenye ngazi. Nilimwandikia mlinzi karatasi ya kumwomba avumilie, nikaipitisha chini ya mlango wake. Akairudisha na jibu nyuma yake: "Siku tano. Ya sita nanunua mkaa na chumvi."

Siku ya nne Meneja akapiga mluzi! Nilikimbia na karanga nusura nianguke.

Naongea naye pia. Sina la kusema, kwa hiyo nafanya mazoezi ya kumwambia mwenye nyumba: "Shikamoo, karibu ndani. Naomba tubaki na Meneja." Nimeyasema labda mara mia. Nikiwa peke yangu nayasema vizuri sana.

Kimya

Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mwenye nyumba alikuja juzi. Nilifungua mlango, ulimi ukaganda. Nyuma yangu ikasikika sauti: "Shikamoo, karibu ndani."

Shangazi, ilikuwa sauti yangu. Si yako. Yangu, ndogo hivyohivyo.

Mwenye nyumba akajibu, "Marahaba," akasimama kungoja yafuatayo. Meneja alikuwa amekwama hapo, anatazama karanga mkononi mwangu. Basi nikamalizia mwenyewe: "Naomba tubaki na Meneja." Nikaongeza na ambayo sikuyafanyia mazoezi, kwamba kelele nilimfundisha mimi, na kwamba amebadilika.

"Kumbe unaongea!" akasema.

Mlinzi naye akadakia kutoka kitandani kwake: "Waache bwana, siku kumi sasa nalala kama mtoto!"

Tumebaki. Meneja nilimpa karanga mbili.

Kimya

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimewasomea wote jikoni, wali ukaungua. Kila nikisafiri nakuandikia kwa sababu simu unaikimbia. Jumapili ya tarehe ishirini, saa nne asubuhi, nitapiga. Ukiogopa, mpe Meneja aniamkie.

Shangazi yako

Tarehe 13 Aprili

Shangazi,

Piga. Utasikia shikamoo mbili za sauti moja. Itikia zote. Atakayeendelea kuongea ndiye mimi.

Mwanao